Kifuniko Alichokifunga Marehemu

Mtu mmoja alikuwa na gari la kizamani alilorithi kwa baba yake, na gari hilo lilivuja oili. Jina lake Eliamani, mwenyeji wa Same, mtu mzima anayeheshimika, wa kuitwa kusuluhisha ya wenzake. Kila asubuhi alikuta dimbwi jeusi chini ya injini. Alichukua koleo, akalimwagia mchanga, akafagia, kisha akajaza oili pale ilipopungua. Wageni wakija walikuta uwanja safi. Waliposifu jinsi gari la marehemu lilivyotunzwa, alitabasamu.

Si kwamba hakutafuta fundi. Alitafuta, tena wengi. Fundi akiingia uvunguni alikuta karteri, lile bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini, limelowa chapachapa. Basi akabadili gasketi yake, utando wa kuziba maungio, akakaza nati, akaenda zake. Wiki haiishi, dimbwi hilo hapo! Gasketi ya chini ilibadilishwa mara nne. Mara nne, ndugu zangu! Maskini karteri ya watu, ilibebeshwa kosa lisilo lake.

Wa tano alikuwa fundi Chamhingo, mtu asiye na maneno mengi. Huyu hakuingia uvunguni. Aliiosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaikausha, akainyunyizia poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe, kisha akawasha na kumwita mwenye gari waangalie pamoja. Poda ililowa juu kwanza, kwenye ukingo wa kifuniko kinachoifunika injini. Kutoka hapo oili iliteremka kwa nyuma, polepole, hadi kwenye karteri. Eliamani aliyaona hayo kwa macho yake mawili, hakusimuliwa na mtu.

Lakini kifuniko hicho kilifungwa na baba yake kwa mkono wake mwenyewe, mwezi ule ule aliofariki. Na tangu mazishi Eliamani alikuwa ameapa kwamba spana ya mtu mwingine haitakigusa. Akamwambia fundi kuwa hapo hapaguswi, abadili tena gasketi ya chini. Chamhingo akakusanya spana zake, akaaga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Haikupita miezi mingi, ikaja habari kutoka Handeni kwamba mjomba wa Eliamani yu hoi, na anamwulizia dada yake. Dada huyo ndiye Nakiete, mama yake Eliamani. Kwao walizaliwa wawili tu. Bibi wa watu alitaka kupanda basi la alfajiri, na mzigo wake alikwisha kuufunga. Mwanawe akakataa katakata. Mama yake akasukumane na watu stendi, na gari la baba lipo? Akajaza oili, akaifuta injini mpaka ikang'aa, wakaondoka.

Walipopita Mombo taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasema moyoni kuwa watafika tu. Injini ikaanza kugonga, naye akakanyaga mafuta. Mwisho ikanoki, ikazima, haikuwaka tena. Hata hapo, jamani, mambo yalikuwa hayajaharibika yote. Angesimamisha basi lolote, mama akaendelea na safari. Hakufanya hivyo, kwa kuwa aliona uchungu kuliacha gari la baba kando ya mashamba ya mkonge, tena aliona aibu. Mabasi yakapita na kupita, yeye ameinamia injini, mama ameketi juu ya jiwe na mzigo wake mapajani, hadi jua likazama.

Walifika Handeni kwa basi kesho yake alasiri, wakapishana na watu wanaotoka makaburini na majembe begani. Waliambiwa kwamba mgonjwa aliulizia dada yake jana yake mchana kutwa, na kila gari lilipopita barabarani alitaka ainuliwe atazame.

Nakiete hakumlaumu mwanawe. Laiti angemlaumu! Eliamani alimpigia magoti, mtu mzima yule, akalia kama mtoto, akasema kwamba hakutaka mkono wa mtu mwingine uharibu kazi ya baba. Mama akamwinua. Kisha akasema:

"Mwanangu, baba yako kifuniko kile alikifungua kila mwaka."

Kifuniko kilifunguliwa baadaye injini ilipoundwa upya, na gasketi yake mpya ikawekwa kwa muda usiozidi saa moja, lakini mjomba hakufufuka, wala mama hakuuliza tena kama gari limepona.

Nanyi mnaokataza pasiguswe pale wazee wenu walipofunga, mmewahi kuuliza wao wenyewe walipafungua mara ngapi?