Treni ya Jikoni na Kengele ya Shaba

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya fisi na sungura, ni ya juzi tu kule Tabora, Mzee Mayunga alistaafu ustesheni masta akarudi nyumbani na filimbi yake. Akakaa siku tatu. Siku ya nne akaanza kujenga reli sebuleni.

Mnacheka? Mkewe, Mama Nyamizi, hakucheka. Miaka miwili mzee alikata bati, akapinda, akapigilia kwenye vibao. Reli ikazunguka makochi, ikapita nyuma ya runinga, ikafika ukutani. Mzee akatoboa ukuta.

"Baba Nyamizi! Umetoboa jiko langu!"

"Hilo si tundu, mke wangu. Ni handaki."

"Na meza yangu ya kukatia vitunguu?"

"Hiyo ni stesheni ya Jikoni, na stesheni masta wake ni wewe."

Akamkabidhi kofia, na kipande cha shaba kiitwacho kibali. "Hiki kinakaa kwako. Njia ikiwa nyeupe, niletee. Bila kibali treni haiondoki." Mama Nyamizi akaivaa kofia juu ya kilemba, akakifunga kibali kwenye pindo la kanga.

Sasa, kilichomnyima mzee usingizi ni kengele. Ile kengele ya shaba aliyoigonga stesheni miaka thelathini ilikuwa imening'inizwa kwenye chumba cha chama cha wastaafu wa reli, imejaa vumbi. Kila Ijumaa alikwenda kuifuta kwa leso yake, akarudi na huzuni. Mwenyekiti wa chama, Mzee Ndekeja, akamwambia: "Treni yako ikienda Jikoni ikarudi salama, kengele nampa aliyeifikisha. Lakini ni mara moja tu. Ikianguka, usiiguse tena kengele yetu."

Injini aliiunda Kapama, dereva wa treni mstaafu, mdogo wake Mama Nyamizi. Aliiunda kwa mota ya waipa, ile inayofuta kioo cha lori.

Siku ikafika. Wastaafu saba wakajaa sebuleni na kengele yao. Treni tayari, Kapama kashika swichi. Kibali? Hakuna. Mlango wa jiko una kufuli, na Mama Nyamizi kaenda mtaa wa pili kumpongeza mzazi.

"Shemeji, tuondoke," Kapama akasema.

"Bila kibali treni haiondoki."

Wakanywa chai iliyoachwa kwenye chupa. Ndekeja akatazama saa. "Mayunga, treni yenyewe abiria wake mende!"

"Bila kibali treni haiondoki."

Wakanywa chai ya pili. Wawili wakasimama kuaga, Ndekeja akaanza kuifunga kengele kwenye gunia. Lo, mzee jasho lilimtoka! Mkono ukaenda kwenye swichi. Ukarudi. "Bila kibali..." akasema.

Mara Mama Nyamizi huyo, anakuja polepole, anacheka na majirani.

"Dada, umetuua!" Kapama akapiga kelele. "Unaondokaje na kibali?"

"Njooni muone." Akafungua jiko. Juu ya reli, mbele kabisa ya handaki, limekaa sufuria la maharage ya wageni, limejaa pomoni, linafuka mvuke.

"Reli imekula meza yangu yote. Ningeliweka wapi, kichwani? Njia haikuwa nyeupe, nikaondoka na kibali. Si ndivyo nilivyofundishwa?"

Waliosimama kuaga wakaketi.

Sufuria likaondolewa, kibali kikaletwa, filimbi ikalia. Treni ikaondoka! Ikafika kwenye mwinuko wa handaki, magurudumu yakateleza, ikaanza kurudi nyuma. Mayunga akafumba macho. Kapama akajitupa kifudifudi, akatoa mchanga mfukoni kama alivyozoea enzi za kuendesha treni milimani, akanyunyiza relini kidogo kidogo. Injini ikashika, ikapanda, ikaingia Jikoni. Ikarudi na kibakuli cha maharage kwenye behewa la mwisho. Wazee wakashangilia mpaka kuku wakakimbia uani.

Ndekeja akaitoa kengele guniani. "Haya, nampa nani?"

"Mimi," akasema Mayunga. "Reli ni ya mikono hii. Na mlipotaka kuondoka, nani alikataa? Ningewasikiliza, injini ingekuwa mboga."

"Mimi," akasema Kapama. "Reli bila injini ni bati tu. Na pale mlimani, sheria ilisaidia nini? Ni mchanga wangu ulioipandisha."

"Mimi," akasema Mama Nyamizi. "Baba Nyamizi alizuia bila kujua kuna nini. Mimi nilizuia nikijua."

"Ala! Na sufuria aliliweka nani, dada?"

"Na meza yangu aliila nani?"

Ndekeja akachoka. "Mayunga, sheria za reli unazijua kutuzidi sote. Amua wewe." Akamtia kengele mkononi.

Mzee akaipokea. Miaka thelathini hajawahi kuvunja sheria hata moja. Na maisha yake yote hajawahi kutaka kitu kama alivyoitaka kengele ile. Mkewe yuko pale, kofia kichwani, anapakua maharage.

Haya, jamani, mzee kaganda na kengele mkononi na maharage yanapoa. Msiniambie wagawane, shaba haimegwi kama ugali. Je, nani alistahili kuipata? Na wewe uliyekaa na mkeo hapo, usinong'one. Jibu kwa sauti, naye asikie.