Taa Nyekundu Karibu na Jicho la Nyamizi

Sogeeni karibu, mtege masikio. Mwisho wa hadithi hii mtahukumu ninyi, na asiyesikiliza asijitie kuhukumu.

Palikuwa na watu watatu huko Unyamwezini, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza, Daktari Nsia, alijaliwa subira. Kwa miaka kumi na mmoja alitafuta dawa ya saratani ya ngozi: dawa ya kupaka kwenye kidonda, ikapenya ndani na kulala kimya mpaka mwanga mwekundu uiamshe. Ikiamka, huua seli mbovu na kuziacha zilizo nzima. Wa pili, Lusekelo, fundi wa redio, alijaliwa mikono isiyotetemeka. Ndiye aliyeiunda taa ya mwanga huo, kwa vipande alivyovichomoa kwenye mashine zilizokufa. Wa tatu, Mwalimu Shija, alijaliwa ujasiri. Alizaliwa na ualbino, na tangu utotoni jua lilikuwa adui yake.

Basi akatokea Nyamizi, mshonaji wa nguo, naye ana ualbino. Kidonda kilimwota pembeni mwa jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa limekwisha kufa zamani. Wapasuaji hawakumficha.

"Tukikikata, jicho litaondoka nacho. Tukikiacha, kitaondoka na wewe."

Akaenda kwa Nsia, akaketi, mtandio umefunika nusu ya uso.

"Daktari, mwanga ndio ulionifikisha hapa. Leo unataka kunitibu kwa mwanga?"

Nsia akafungua daftari lake la wagonjwa. Dawa yake ilikuwa imewaponya watu kadhaa, lakini wote walikuwa na ngozi nyeusi. Kwenye ngozi kama ya Nyamizi, isiyo na rangi ya kuuzuia mwanga, haikuwahi kupakwa hata tone. Vipi kama ingekula pasipopaswa kuliwa? Alimwambia arudi baada ya miezi miwili.

Habari zikamfikia Mwalimu Shija. Akaja mwenyewe, akakunja mkono wa shati, akaonyesha kidonda kidogo mkononi, cha saratani ileile.

"Anzeni na mimi."

"Mwalimu, sijui kitakachotokea."

"Na yule dada, kwake unajua?"

Wakaguzi wa utafiti wakaridhia, Shija akatia sahihi, akaulaza mkono mezani. Walitumia kipimo kilekile cha siku zote. Taa ikawashwa. Dakika ya tano ngozi ikaanza kututumka. Shija aliuma meno, kisha akapiga ukelele ambao Nsia hakuwahi kuusikia kutoka kwa mtu mzima. Wakazima mbio, lakini walikuwa wamechelewa. Kidonda kilipona, ila mkono uliungua, na vidole viwili havikukunjika tena. Hadi leo Shija anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Nsia alipunguza kipimo cha dawa mpaka robo. Alijua kwamba kwa kipimo cha kwanza jicho la Nyamizi lingepikika kama yai.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito. Nyamizi alilala chali, kifuniko kidogo cha chuma juu ya jicho, na kati ya kifuniko na kidonda haukupita hata unyoya. Lusekelo akaisogeza taa mpaka ikawa kiganja kimoja kutoka usoni.

"Dada, usigeuke hata nyuki akikuuma," alisema.

"Nitajitahidi, fundi."

Walihitaji dakika tisa. Mbili zilipopita, kitu kililia *tak!* Skrubu ya nguzo iliyoishika taa ilikuwa imekatika, nayo ikaanza kushuka juu ya uso wa Nyamizi. Lusekelo aliruka, akaidaka kwa mikono mitupu.

"Tuzime?" Nsia akanong'ona.

"Wewe ndiye unayejua," fundi akajibu.

Nsia alijua. Dawa ilikwisha kuamka. Kuikatiza katikati kungeacha mizizi ya ugonjwa hai, nayo ingerudi kwa kina kisichofikika.

"Usizime," akasema, na maneno yakamtoka kama mtu anayejihukumu mwenyewe.

"Basi hesabu kwa sauti."

Akahesabu. Tatu. Nne. Nyamizi alikuwa akilia bila kutikisika, machozi yakimwingia sikioni. Dakika ya sita Nsia akasikia harufu ya ngozi inayoungua. *Nimemuua. Nimelichoma jicho lake.* Akainama kutazama: kidonda kilikuwa chekundu, ngozi pembeni salama. Ndipo akaitazama mikono ya Lusekelo. Harufu ilitoka kwenye viganja vyake, vilivyoganda kwenye chuma cha moto, wala havikutetemeka. Saba. Nane. Tisa.

Miezi mitatu baadaye Nyamizi alitunga uzi kwenye sindano mbele ya wote watatu, mara moja tu. Kisha akawatoa nje. Kwenye uzio alikuwa amefunga mtamba mwekundu, aliyemlea mwenyewe tangu ndama.

"Huyu ni wa aliyeniokolea jicho," alisema. "Kwetu ng'ombe wa shukrani haliwi, hauzwi, wala uzao wake haugawanywi. Analala zizi moja. Semeni ni la nani."

"Mimi namtaka," alisema Lusekelo bila haya. "Bila mikono hii taa ingemwangukia usoni."

"Na bila mkono huu," alisema Shija polepole, "mngempaka dawa ya kumpofusha. Wewe ulishtukizwa, fundi. Mimi niliulaza mkono mezani nikiijua hatari."

Wote wawili wakamgeukia Nsia. Yeye hakuwa na kovu la kuonyesha. Alitaka kusema kwamba bila miaka yake kumi na mmoja pasingekuwa na taa ya kushika wala dawa ya kujaribu. Kwamba neno la "usizime" lilitoka kinywani mwake, na lingeweza kumfuata mpaka kaburini. Aliona aibu kwa jinsi alivyomtaka mtamba yule.

"Daktari?" Nyamizi akamwita, kamba mkononi.

Hapo ndipo nilipowaacha, wasikilizaji wangu. Aliyeitafuta dawa, aliyeutoa mkono wake, aliyeishika taa: ukimwondoa mmoja, Nyamizi ni kipofu leo. Kamba ni moja. Je, wewe ungeamua vipi?