Kilima Kilichonyamaza

"Washa, mama."

"Siwashi."

"Mwanao yuko langoni. Mume wangu yuko langoni. Washa."

"Nimeshasema siwashi, Thekla. Nipishe, nikande unga wangu."

Subirini kwanza. Nimewaingiza ndani ya ugomvi bila hata kupiga hodi. Lakini wawili hawa, Bibi Makrina na Thekla, mke wa mwanawe, ndivyo walivyokuwa: ukiwatembelea, unawakuta wanagombana. Turudi mlangoni, tuingie vizuri.

Paukwa.

Pakawa.

Itikieni kama watu waliokula. Paukwa.

Pakawa.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi za bibi zetu waliisikia tu, kulikuwa na mji mkuu wa Warumi wa mashariki. Ulikuwa na kuta juu ya kuta, na lango la chuma lililosukumwa na wanaume wengi ndipo lifungike. Vitabu vya shule vinasema Waarabu waliuzingira mji ule, wakashindwa, wakarudi kwao. Haya, vitabu vimesema. Sisi leo tunasimulia jinsi ambavyo ingekuwa kama lango lile lingebaki wazi siku moja tu.

Mbele ya mji kulikuwa na kilima. Nyuma ya kilima kulikuwa na kijiji ambacho jina lake halikuandikwa popote. Na juu ya kilima kulikuwa na rundo la kuni, kavu, refu kupita nyumba. Ziliitwa kuni za mfalme. Baridi ya nchi ile iliua watu, lakini hakuna aliyethubutu kuchukua hata kijiti. Kazi ya kuni zile ilikuwa moja. Adui akionekana, mlinzi wa kilima awashe, moshi upande, mji uone, lango lifungwe.

Kila asubuhi mkuu wa lango alimuuliza askari wake, "Kilima kinasemaje?" Askari alitazama, akajibu, "Kimenyamaza." Hapo lango lilifunguliwa. Mchana aliuliza tena. Jioni aliuliza tena. Mimi nikiuliza, nanyi mtajibu hivyo hivyo.

Kilima kinasemaje?

Kimenyamaza.

Vyema.

Mlinzi wa kilima alikuwa Bibi Makrina. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakupenda maneno mengi isipokuwa na Thekla. Waligombania chumvi. Waligombania namna ya kumfunga mbuzi. Waligombania nani alimpenda zaidi Leontio, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, ambaye alikuwa askari pale langoni. Leontio akija likizo aliwasikiliza, akacheka, akasema nyumba hii haihitaji mbwa, mwizi akisikia kelele hizi atapita mbali. Nao walicheka, kisha wakaendelea.

Leontio ndiye aliyekuwa mtazama kilima. Mkuu wa lango alimchagua kwa sababu mama yake ndiye mlinzi. Alisema mtu hawezi kumdanganya mwanawe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Leontio hakulijua.

Bibi Makrina alipokuwa mtoto, kilima kiliwahi kusema. Moshi ulipanda, fuuu, mweusi. Lango likafungwa. Na sheria ya mfalme ilikuwa kwamba moshi ukipanda, adui asikute chakula wala maji nje ya kuta. Wakaja wapanda farasi, si wa adui, wa mfalme mwenyewe. Kwatu, kwatu, kwatu. Wakachoma maghala ya kijiji. Wakatumbukiza mizoga visimani. Wakawaambia watu wakimbilie mjini. Watu wakakimbia. Wakakuta lango limefungwa.

Mama yake Makrina aligonga. Ko, ko, ko. Alikuwa na kichanga mgongoni na Makrina mkononi. Ko, ko, ko. Sauti ikatoka juu ya ukuta, ya upole kabisa, ikasema, "Mmefanya kazi yenu vizuri. Sheria hairuhusu kufungua." Mama akagonga mpaka mkono ukachoka. Baridi ikamchukua yeye na kichanga hapo hapo langoni. Na adui siku hizo hakufika hata kidogo. Aligeukia njia nyingine. Waliobaki walirudi kijijini kwenye majivu.

Makrina akakua. Mlinzi wa zamani alipokufa, aliomba kazi ile. Wazee walidhani anautaka moto. Hakuutaka. Alitaka siku ile ikirudi, wa kuamua awe yeye. Na habari hiyo hakumsimulia mwanawe hata mara moja. Alikuwa akianza kuisimulia, kisha anaiacha, anaanza kufua au kukanda.

Kilima kinasemaje?

Kimenyamaza.

Basi tumefika kwenye ugomvi wetu. Asubuhi ile wachungaji walishuka mbio wakasema jeshi la Waarabu linakuja kwa njia ya bonde, bendera mbele, ngamia nyuma, vumbi halina mwisho. Thekla akamshika mama mkwe wake kanzu. Akamwambia awashe. Mmesikia alivyojibiwa.

Bibi Makrina alimweleza, hatimaye, habari ya mama yake na kichanga. Alimweleza kwa maneno machache, mikono ikiwa bado kwenye unga. Akasema pia yale aliyoyasikia kwa wafanyabiashara: kwamba mji ukikutwa wazi, Waarabu huita amani na watu hubaki majumbani mwao, lakini ukijifungia, vita huwa virefu na njaa hula kila mtu, wa ndani na wa nje. Alisema mjini wana kuta. Huku kuna ghala moja na visima viwili na watoto wa watu.

Thekla alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na Leontio ana nini, mama? Ana kuta?"

Bibi Makrina akaurudia unga wake.

Thekla akavua viatu vya nyumbani, akavaa vya safari, akaondoka mbio kuelekea mjini. Bibi Makrina alisimama akimtazama mpaka kitambaa chake chekundu cha kichwani kikapotea njiani. Kisha akapanda kilimani, akakwea rundo la kuni za mfalme, akakaa juu yake kama kuku juu ya mayai.

Akaja Mzee Vardani, mkuu wa kijiji, na mwenge unawaka, na wanaume nyuma yake.

"Shuka, Makrina."

"Washa nikiwa juu."

"Usitufanyie ukaidi. Mfalme akijua hatukuwasha, atatunyonga."

"Atatunyonga kama atabaki mfalme. Wajukuu wako watakula nini ghala likichomwa, Vardani? Utawapa moshi?"

Mzee Vardani alikuwapo siku zile za mizoga kisimani. Alikuwa kijana, yeye ndiye aliyeitoa kwa kamba. Aliutazama mwenge wake. Kisha akaugeuza, akauchomeka kwenye udongo wenye umande. Chwiii. Wanaume wakashuka mmoja mmoja, bila kutazamana.

Kilima kinasemaje?

Kimenyamaza.

Mbona mnajibu polepole? Jibuni tu. Hata Leontio alijibu.

Thekla alifika langoni jua likiwa kichwani, miguu inatoka damu. Alimwambia mkuu wa lango kwamba jeshi liko nyuma ya kilima. Mkuu alimwambia kwa adabu kwamba lango lile halifungwi kwa maneno ya mpita njia, hufungwa kwa moshi. Thekla akasema hakuna moshi kwa sababu mlinzi amekataa kuwasha. Mkuu akamwita Leontio.

Leontio alifurahi kumwona mkewe. Alipomsikia akisema "mama yako amekataa," alicheka. Aliwaambia wenzake kwamba juzi ilikuwa mbuzi, na kabla ya hapo chumvi, na leo wamegombania kilima kizima. Askari wote walicheka. Akamfuta Thekla vumbi usoni, akamwambia apumzike kivulini, jioni atampa mkate na kuisikiliza kesi yake yote.

"Leontio," Thekla alisema, "nitazame. Huu ni uso wa kugombania chumvi?"

Alimtazama. Akaacha kucheka. Kisha akakitazama kilima, kilima cha mama yake, kimesimama safi mbele ya mbingu, na moyo wake ukatulia, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kukitazama kilima kile kikamdanganya.

Mkuu akamuuliza mbele ya wote, "Kilima kinasemaje?"

Leontio akajibu.

Baadaye vumbi lilionekana bondeni. Wakasema ni kondoo wanapelekwa sokoni. Vumbi likawa kubwa. Wakasema ni kondoo wengi. Mkuu akauliza tena, akajibiwa tena. Walipoziona bendera, walilikimbilia lango wote kwa pamoja, wakasukuma. Nguu. Nguu. Chuma kililia kikasogea kidogo, kikakwama. Thekla naye alikuwa anasukuma. Farasi wa kwanza wakaingia.

Amiri wa jeshi lile hakuwa mtu wa kuchinja ovyo. Kabla jua halijazama alitangaza amani mji mzima, mtu na nyumba yake, mtu na kanisa lake. Hivyo Warumi walishindwa, na mfalme wao akakimbia kwa mashua, na dunia ikageuka njia nyingine kuliko ile iliyoandikwa vitabuni. Bibi Makrina alikuwa amesikia kweli kwa wale wafanyabiashara. Lakini tangazo la amani hutembea kwa miguu, na mikuki ya langoni ilikuwa imeshafika. Waliokuwa langoni hawakulisikia.

Kijijini jeshi lilipita tu. Wakanywa maji kisimani, wakashukuru. Ghala likabaki zima. Jioni watu walipanda kilimani, wakauona moshi. Safari hii ulitoka mjini. Mweusi, mnene, fuuu. Wakasimama wakiutazama, mama na watoto wao, wazee na fimbo zao. Bibi Makrina alikuwa bado amekaa juu ya kuni.

Baada ya siku kadhaa, amiri alimtuma mjumbe na zawadi, joho la hariri na farasi, kwa yule aliyekataa kuwasha. Bibi Makrina hakuligusa joho. Alisema, "Mwambie bwana wako sikumfanyia yeye." Kisha akauliza habari za langoni. Mjumbe akashughulika na hatamu za farasi wake, ingawa hazikuwa na kasoro, akaondoka.

Baridi ikaja. Hapakuwa tena na mfalme, basi watu wakazichukua kuni zake. Kila nyumba ilipata mzigo. Hakuna mtoto aliyekufa kwa baridi mwaka ule wala kwa njaa, na jambo hilo halikuwahi kutokea kijijini tangu kianze. Wanawake walimletea Bibi Makrina mikate. Walianza kumwita mama wa kijiji, mwenye hekima, mwenye kuona mbali. Yeye katika kuni zile hakuchukua hata kijiti. Alikaa na jiko lake baridi, amejifunika shuka la Thekla, na watu wakimsifu alisema tu, "Haya," akaangalia njia.

Wajukuu wa wajukuu wa watu wale wanamkumbuka mpaka leo. Wanasema, sisi tupo kwa sababu Makrina alikaa juu ya kuni. Nao wanasema kweli.

Funzo la ngano hii mimi nimelipata mara mbili. La kwanza ni la wafalme: ukitaka watu wakuonye, usifanye onyo lao liwe kifo chao. La pili ni letu sisi: mtu akikuokoa kwa kumwacha mwingine, mshukuru, lakini usimsifu kwa sauti kubwa, maana huyo mwingine anaweza kuwa njiani anakuja. Na watoto wenu waambieni yaliyowapata. Msianze kufua.

Ngano yangu inakaribia mlango wake, nami nitawaacha hapo hapo mlangoni, kwa sababu sijui nani alisema nini baadaye, na hakuna anayejua.

Siku moja ya baridi, mchana, mlango wa Bibi Makrina uligongwa. Ko, ko, ko. Alifungua. Alisimama mtu aliyekonda, mkono mmoja umefungwa kifuani, na katika ule mwingine ameshika kitambaa chekundu cha kichwani, kimekunjwa vizuri. Bibi Makrina alimtambua, akamwita jina, akanyoosha mikono.

Leontio hakuingia. Alisema akiwa pale pale kizingitini:

"Niliwajibu, mama. Kila waliponiuliza, niliwajibu kimenyamaza."