Ghala la Mzee Shekiondo

Maktaba ilijengwa mji ukiwa na mitaa mitatu. Sasa mji ulikuwa umefurika, na wanafunzi walisomea kwenye ngazi. Pembeni palikuwa na ghala tupu la Mzee Shekiondo, tajiri mwenye duka, ambaye alikuwa amekataa kulitoa mara nne.

Bi Mwanahija, mkutubi, akamwendea mara ya tano.

"Mzee, niazime tu ghala lako."

"Utalirudisha lini?"

"Siku utakayorudisha kile kitabu cha kufuga nyuki ulichoazima mwaka juzi."

Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Hicho tu? Kipo nyumbani. Lete karatasi!" Akatia sahihi mbele ya diwani.

Ghala likatiwa madirisha, rafu na kompyuta. Mzee alipoona limependeza, akalitaka. Akapekua makabati, akapekua uvunguni, kitabu hakuna. Akarudi maktaba akitweta.

"Bibi wewe, ulijuaje kwamba sitakipata?"

Bi Mwanahija akatoa mkobani karatasi iliyokunjwakunjwa.

"Karanga za dukani kwako tamu sana, Mzee. Zilifungwa kwenye ukurasa wa arobaini wa kitabu hicho, na muhuri wetu huu hapa."