Jina la Mtoto wa Zamda

Sogeeni, wajuaji. Shule mimi niliikimbia darasa la sita, na kesi hii bado itawashinda ninyi wenye vyeti. Mkitaka kunicheka, nichekeni sasa, maana huko mbele hapachekeki.

Walikuwapo watu watatu mjini Tanga. Nuhu wa maabara alijaliwa shaka: mwambie jua limechomoza, atatoka nje kuhakikisha. Bi Riziki, karani wa benki ya damu, alijaliwa kutomsahau mtu. Mbaruku, fundi pikipiki, alijaliwa damu ya pekee, na mwenyewe hakujua.

Na alikuwapo Zamda, mwenye mimba ya nne. Damu yake iliishiwa chembe sahani, zile zinazoziba palipochanika. Akipiga mswaki, beseni linakuwa jekundu. Madaktari wakasema mtoto lazima atolewe kwa kisu, lakini wakimpasua hivyo, mama hatoki hai.

Hemedi, mumewe, akakunja mkono wa shati. "Toeni zangu. Nani wa kumpa kama si mimi?"

Wakampa. Saa moja baadaye wakahesabu: hakuna kilichopanda. Wakampa za kaka wa Hemedi, nazo zikapotea. Ukoo mzima ukapanga foleni.

Nuhu akasimama mlangoni. "Hakuna kuongeza."

Hemedi akamkaba ukosi. "Wewe kijana, mke wangu anakufa, unatuzuia?"

"Shemeji, kila chembe ina alama zake. Mimba alizokubebea zimeufunza mwili wake kuzijua alama zako, na unaziua. Mwingine mwenye alama hizo, zake zinauawa pia. Tumtafute asiye na ugomvi na mwili huu."

Siku mbili Nuhu hakurudi kwao. Alilinganisha wachangiaji mia tatu, mmoja mmoja. Akabaki na jina moja: Mbaruku.

Bi Riziki akapiga namba ya Mbaruku. Haipo. Watu wetu hubadili laini kama shati! Lakini bibi huyu ana daftari ambalo wenzake hulicheka: kando ya kila mchangiaji ameandika duka anakonunua mkate. Akapiga dukani.

"Mbaruku? Kapanda basi asubuhi hii, anakwenda Lushoto kumzika baba yake. Shika laini yake mpya."

Basi lilikuwa limeshaipita Muheza. Maiti ilikuwa inazikwa baada ya adhuhuri.

"Mama, mimi nakwenda kuzika," alisema Mbaruku.

"Najua, mwanangu. Pole sana. Sikulazimishi. Nakwambia tu kwamba hayupo mwingine."

Kisha akasikika: "Konda, nishushe hapa."

Mzee Abedi alipokuwa akitiwa udongo, mwanawe alikuwa kwenye kiti cha hospitali, damu ikitoka mkono huu, ikipita kwenye mashine inayochuja chembe, ikirudi mkono ule. Jioni wakahesabu chembe za Zamda. Zimepanda. Asubuhi mtoto wa kiume akalia, na mama yake akamsikia.

Leo ni siku ya saba. Kwa kina Hemedi, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemwokoa. Mbuzi wa akika amefungwa uani, wote watatu wameitwa.

"Nuhu," akasema Hemedi. "Nilimkaba, kumbe ndiye aliyekuwa sahihi."

"Nuhu alipata jina kwenye karatasi," akasema Zamda. "Karatasi haizibi damu. Bila Bi Riziki tungeisoma mpaka nizikwe. Na Riziki ni jina la kiume pia."

"Hee! Mtoto mzuri hivi mumpe jina la kizee?" akacheka Bi Riziki. "Mimi nilipiga simu tu. Aliyeteremka kwenye basi nani?"

Wote wakamgeukia Mbaruku. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Jina langu ninalo mwenyewe," akasema polepole. "Kama ni zamu yangu, mpeni la baba. Abedi. Mimi sikuwahi kumtia udongo."

"Lakini Abedi hatukumjua," Hemedi akanong'ona.

Maalimu ameshainama juu ya mtoto, anasubiri. Mwenye shaka, mwenye daftari, mwenye damu, au aliyezikwa mwanawe hayupo? Ondoa mmoja, uone kama mtoto analia leo. Na jina ni moja.

Haya, wenye vyeti, mbona mmenyamaza? Wewe ungemwambia Maalimu aseme lipi?