Fundi wa Kinu Aliyekataa Kung'ata Punje

Alikuwapo mwanamume mmoja huko Usangu, jina lake Ambakisye, aliyekoboa mpunga wa watu kwa miaka kumi na tisa. Kazi alifundishwa na mama mmoja aitwaye Tupokigwe, fundi mkuu wa kinu, na jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa mashine. Alifundishwa kung'ata. Mkulima akileta mpunga, fundi huchukua punje moja, huiweka kwenye meno ya nyuma, hung'ata. Ikibonyea, mpunga ni mbichi, urudishwe juani. Ikikatika kwa mlio mmoja mkavu, uko tayari. Ikimeguka vipande vipande, jua limeuzidi, na ukiukoboa utatoa chenga tupu hata kama mashine ni mpya. Kinuni kwao mtu hakuzungumzia mpunga kabla ya kung'ata, hata awe mgeni.

Sasa, wako watu wa mjini ambao kazi yao ni kukusanya fedha za wenye nazo, kununua biashara zilizolegea, kuzisimamisha, na baada ya miaka kadhaa kuziuza zikiwa na nguvu. Ni kazi halali, sina ugomvi nayo. Watu hao walikuja Usangu mara tatu, wakatazama makaratasi ya vinu vitatu vilivyokuwa taabani, wakaondoka bila kununua, na vyote vitatu vikafungwa. Wafanyakazi wakarudi nyumbani kukaa. Ambakisye aliumia sana, kwa maana alijua kwamba viwili kati ya hivyo vilikuwa vizima. Akasema moyoni, siku moja nami nitakaa kwenye meza ile, vinu visihukumiwe na watu wasiovijua.

Jamani, mlango ule ni mzito! Alisoma uhasibu kwa njia ya posta, mchana anakoboa, jioni anafungua vitabu. Aliandika barua kila mahali. Wakamuuliza amefanya kazi benki gani. Wakamuuliza amesoma nchi gani. Aliposema kinu cha mpunga, walimshukuru kwa upole na kumwonyesha njia ya kutokea. Ikapita miaka sita. Ndipo mama mmoja, Mama Mshiu, mkuu wa kampuni moja ya kazi hiyo, mtu wa maneno machache, akaisoma barua yake, na alipofika kwenye ile miaka kumi na tisa akasema aitwe. Ambakisye akaajiriwa. Mama Mshiu hakumweleza sababu, akidhani anaijua. Naye hakuuliza, akidhani amehurumiwa.

Mtu anayedhani amehurumiwa hutembea kwa kunyata. Wenzake wanane walitoka mabenki makubwa na vyuo vya ng'ambo. Siku moja mmoja wao akamtania, "Kaka, bado una pumba masikioni," wakaangua kicheko. Ambakisye akacheka kuliko wote, kisha akaenda maliwatoni kujitazama kwenye kioo. Msicheke na ninyi. Nani kati yetu hajawahi kwenda kujitazama? Kuanzia siku hiyo akajifunza maneno yao, na koti lao, na namna yao ya kuegemea kiti. Habari za Usangu zikakoma kinywani mwake.

Mwaka wa tatu, kinu chake cha zamani kikaletwa mezani. Mwenye kinu alikuwa amepigwa na kiharusi, na kama kampuni ya Mama Mshiu isingekinunua, mashine zingeng'olewa ziuzwe kama vyuma chakavu. Makaratasi yalionyesha kwamba mchele umekuwa chenga mno. Ambakisye akatumwa pamoja na wenzake wawili wakaone kama mashine zimekufa au zinafaa.

Tupokigwe aliwapokea getini. Alikuwa amezeeka. Ambakisye, ambaye zamani alimwamkia shikamoo hata akiwa juu ya ngazi, safari hii alimpa mkono na kumuuliza habari za kazi. Mama yule akajibu njema. Kisha akawaeleza wageni kwamba mashine ni nzima. Shida ni mtoto wa mwenye kinu, aliyeshika uwanja wa kuanikia. Anauacha mpunga juani siku tatu juu ya sakafu ya saruji, na akiambiwa hasikii. Wale wawili wakatazamana. Kila fundi husema mashine yake ni nzima.

Ndipo Tupokigwe akainama, akaokota punje, akamnyooshea Ambakisye kiganja.

"Ng'ata, mwanangu, uwaambie. Wewe watakusikia."

Aliutazama mkono ule uliomlea kazini. Akawaona wenzake wanamtazama, mmoja ameshaanza kutabasamu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaichukua ile punje, akaitia mfukoni, akasema, "Tutapima, mama." Hakupima. Jioni hiyo waliandika kwamba mashine zimekwisha, wakatia saini wote watatu, na saini yake ilikuwa nzuri kuliko zao.

Kinu hakikununuliwa. Mwezi haukuisha wakaja watu na winchi. Wanawake waliokuwa wakipepeta na kuchagua mchele walikusanya nyungo zao, wapagazi wakakunja magunia waliyokalia, na Tupokigwe akasimama uani mpaka lori la mwisho likatoka. Wanasema hakulia. Mimi siamini.

Lakini aliyenunua vyuma vile hakuvikata. Alivisimika tena bonde la pili, akavilisha mpunga uliokauka vizuri, vikatoa mchele mzima, mweupe, bila kubadilishiwa hata mkanda. Habari zikamfikia Mama Mshiu. Akamwita Ambakisye, akamwambia akae, akamuuliza alipofika kinuni alifanya nini. Ambakisye hakuweza kumdanganya. Alieleza kila kitu, hadi punje ya mfukoni. Mama yule akasema, "Wasomaji wa karatasi ninao wanane. Wewe nilikuita kwa sababu ya meno yako."

Hakumfukuza. Afadhali angemfukuza. Ambakisye bado anakaa kwenye meza ile aliyoitamani, na wenzake sasa wanamhesabu mmoja wao kabisa.

Alikwenda kumwomba Tupokigwe msamaha. Alimkuta Chunya, kwa bintiye, amekaa barazani anachambua mboga, hana kazi nyingine ya kufanya. Mama yule alimkaribisha, akampikia, akamuuliza habari za watoto, akamwongezea mboga alipoona sahani imepungua. Habari ya kinu hakuigusa. Ambakisye alikula huku machozi yanamtiririka, akashindwa kuyasema yale maneno aliyoyajia, akaaga.

Basi ninyi mnaogonga milango mikubwa, na mnaoomba kila siku ifunguliwe, nawauliza: mkishaingia mkaona haya kufahamika mlikotoka, wale mliowaacha nje watasemewa na nani?