Ripoti ya Nesi Zamoyoni

Nesi Zamoyoni alitibu wafungwa miaka kumi na moja, kisha akaomba kazi hospitali ya wagonjwa wa akili. Mganga Mkuu, Daktari Lyatuu, mtu wa kufoka tangu asubuhi, akalitupa faili lake mezani.

"Gerezani ulikuwa unagawa panadol tu! Huo nao ni uzoefu wa magonjwa ya akili?" alifoka, akimpungia mkasi wa kufungulia bahasha.

"Kweli kabisa, mkubwa," alisema Zamoyoni kwa upole. "Hebu kaa, unywe maji. Lete huo mkasi nikushikie. Sasa nieleze taratibu, niandike, nikawaonyeshe na wenzangu wa gerezani wasijisumbue kuja."

Daktari akakaa, akanywa maji, akatoa mkasi, akaeleza mpaka pumzi zikamshuka. Zamoyoni alipomaliza kuandika akampa karatasi aisaini, naye akaisaini bila kuisoma.

Zamoyoni akaisoma kwa sauti: "Saa tatu kamili: mwanamume anafoka, ameshika kitu chenye ncha. Saa tatu na dakika sita: amekaa, amekunywa maji, ametoa mkasi mwenyewe. Hakufungwa kamba wala kuchomwa sindano. Imethibitishwa na Mganga Mkuu."

Akamtazama. "Sasa, daktari, hii niiweke kwenye faili langu kama uzoefu, au nikufungulie wewe faili la mgonjwa?"